Mwenye Jogoo Nani?

Kefa hakuwa mwizi, tusimsingizie. Mwizi huvunja mlango, na Kefa tangu azaliwe hakuwahi kuvunja hata kikombe. Watu walimfungulia wenyewe, wakamkaribisha na kiti. Aliwahi kufagia ofisi ya wakili mmoja wa Kizungu kule Mbeya. Alipofukuzwa aliondoka na tai, kofia ya pama, na maneno ya sheria ya kumtosha maisha yake yote.

Siku hiyo ya gulio, miaka ile ya Mwingereza, alikuwa Tunduma akitafuta riziki isiyotoa jasho. Akasimama karibu na Mama Ferista, muuza chumvi, akashangaa. Chumvi ilikuwa ya kuchemshwa kule Ivuna, kama ya wanawake wote waliokaa pale. Lakini wanunuzi wa Rodeshia waliwapita wengine wote wakaenda moja kwa moja kwenye vifuko vyake vya kitambaa cha marekani, vilivyopigwa chapa ya jogoo.

"Mayo, mukwai, tupe ya jogoo," walisema, yaani mama, tafadhali. Hata kuonja hawakuonja.

Kefa moyo ukamruka. Kumbe watu hawanunui chumvi, wananunua kuku!

"Mama," akauliza kwa adabu, "huyu jogoo umemwandikisha serikalini?"

"Jogoo wa kuchora?" Ferista akacheka. "Aliniachia marehemu mama. Nimwandikishe ili naye alipe kodi?"

Basi hapo hapo, kwa hesabu za Kefa, jogoo akawa yatima.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Boazi, bwana mnene ambaye chumvi yake ilikuwa na udongo wa kutosha kuotesha maharage. Nzi tu ndio waliokuwa wateja wake wa kudumu. Kefa akavua kofia, akaingia.

"Bwana Boazi, serikali ina sheria ya alama za biashara. Anayeiandikisha alama ndiye mwenyewe, hata kama mwingine ndiye aliyeizaa."

Macho ya Boazi yakavuka barabara yenyewe. "Hata yule jogoo?"

"Yule ni wangu. Nimekwisha kumwandikisha." Akatandaza karatasi yenye muhuri mwekundu ambao ulikuwa bado unalowesha kidole. Muhuri huo, tusiichafue serikali, ulichongwa kwenye kiazi kitamu.

"Niuzie!"

"Mali kama hii haiuzwi, mzee wangu, inapangishwa. Wewe piga chapa, uza upendavyo. Mwenyewe nabaki mimi."

Boazi alikuwa na uchungu wa fedha, lakini alikuwa na baiskeli mpya yenye kengele, na tamaa yake ilikuwa kubwa kuliko baiskeli. Akaitoa. Kefa akampa chapa ya jogoo, nayo ya kiazi. Ilipoanza kusinyaa, jogoo alifanana na kanga mwenye homa, ila Boazi hakujali. Aliijaza chumvi yake kwenye vifuko, akapiga chapa, na kabla jua halijapinda vikawa vimevuka mpaka karibu vyote.

Mtu mwenye kiasi angepanda baiskeli akaondoka. Lakini Kefa na kiasi hawakuwahi kujuana. Alirudi sokoni akiipiga kengele, akatangaza kwamba Ferista aifute chapa yake ama naye aipange kwake.

Ferista aliumia. Bila jogoo, nani wa ng'ambo angeijua chumvi yake? Miaka yote ya mama yake jikoni akichemsha chumvi, moshi machoni, ingeishia kwa mtu mwenye tai! Akakitazama kifuko kimoja cha Boazi mkononi mwa mnunuzi aliyekuwa akipita, akakitazama tena. Kisha akatulia.

"Sema kwa sauti, baba, wenzangu wasikie. Mwenye jogoo nani?"

"Ni mimi, Kefa!" akapaza sauti. "Peke yangu!"

"Haya. Jogoo wako, na mambo yote ya jogoo yako."

Wanawake wa Ivuna wakafunika midomo kwa khanga. Kefa akadhani wanamstahi. Ferista akaanza kugeuza vifuko vyake ndani nje, polepole, bila kubishana.

Gulio lililofuata lilimkuta Kefa kwenye baiskeli yake, mguu mmoja chini, akingoja lori la kwenda migodini Rodeshia. Kumbe Rodeshia ilikuwa imemfuata yenyewe. Mbele alitangulia Mama Enesi, mnunuzi wa ng'ambo, na nyuma yake kundi la watu, kila mmoja na kifuko chenye jogoo mwenye homa.

"Nyama ya harusi ya binti yangu imeoza!" Enesi akapiga kelele. "Huu si umucele, si chumvi hii, ni udongo! Mwenye jogoo nani?"

Soko zima likamnyooshea Kefa kidole. Boazi, aliyekwisha kuishika baiskeli kwa nyuma, akapiga kelele kuliko wote: "Mimi mpangaji tu! Karatasi hii hapa!"

"Ndugu zangu," Kefa akacheka kicheko kikavu, "karatasi ni karatasi tu..."

"Ni ya uongo?" Ferista akauliza kwa upole. "Sema tu, baba. Askari wa boma yule pale anakunywa chai."

Kefa akamtazama askari, akatazama pingu kiunoni mwake. "Ya kweli kabisa," akasema. "Jogoo ni wangu."

"Basi kwetu Ivuna alama haina mchezo. Chumvi ikiwa mbaya, mwenye alama hurudisha vifuko viwili kwa kimoja. Aliyependa boga hupenda na ua lake."

"Nitaipata wapi chumvi yote hiyo?"

"Kwangu," akasema Ferista. "Niachie baiskeli, na jogoo wangu umrudishe. Mzigo utausukuma wewe."

Na aliusukuma, kutoka Ivuna hadi Tunduma, tai imelowa shingoni, Boazi akimlilia baiskeli yake kila anapopita. Kwa mara ya kwanza maishani Kefa akatoka jasho la halali, na hakulipenda hata kidogo.

Alipotoweka, yalipita masika mawili kabla hajajipitisha tena Tunduma. Akakuta watu wamemzunguka Ferista kuliko zamani. Jogoo wa zamani alikuwa amechafuliwa jina, kwa hiyo mama alichonga chapa mpya: mtu mwembamba mwenye tai na kofia ya pama anasukuma baiskeli, na jogoo amekaa juu ya mzigo kama bwana shauri wa boma.

"Mama!" Kefa akafoka. "Hiyo sura ni yangu! Nani kakupa ruhusa?"

"Ni yako kweli?" Ferista akang'aa uso. "Afadhali umekuja. Kuna mama hapa analalamika kifuko chake kina unyevu. Mama Enesi, mwenye sura huyu hapa!"

Kefa akaivua kofia, akaificha kwapani. "Mimi?" akasema. "Mtu huyo simjui."

Jogoo kwenye kifuko, kwa kuwa alikuwa wa wino tu, hakuwika.