Gari la Mzee Lazima Ling'ae

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza maisha mapya. Nimebadilishana kochi na mashine ya kung'arisha rangi za magari. Fundi rangi aliyekuwa nayo alikubali haraka mno, hata kochi hakulikagua. Anasema kazi hiyo ameiacha kwa sababu ya mgongo. Nilimwonea huruma. Mtu unaachaje utajiri ukiwa mkononi?

Kochi lenyewe lilikuwa la watu wawili, na siku hizi niko peke yangu. Kwa muda tu! Mke wangu alikwenda kwao kwenye msiba wa baba yake, akabaki kidogo kumliwaza mama yake. Hicho kidogo kimerefuka. Msiba ulikuwa wakati wa mvua, sasa vumbi limerudi. Nikimuuliza anarudi lini, anasema tutaona. Mimi najua tatizo liko wapi. Sina kazi ya kueleweka. Biashara ya sabuni ya maji ilikufa, na mpaka leo nasemwa eti niligawa kadi za biashara makaburini. Sikugawa! Niliwapa walioomba. Na walioonekana kama wangeomba.

Mzee angenitetea. Baba mkwe wangu ndiye mtu pekee aliyenunua sabuni yangu mara ya pili. Ile ya kwanza ilimbabua mikono. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaniambia nilete ndoo nyingine. Nimemkumbuka leo njiani nikiwa nimebeba mashine, machozi yakanitoka. Mashine nayo ilikuwa nzito.

Jumanne, 4 Machi

Masomo. Natazama video kwenye simu. Mwalimu wangu ni jamaa mwenye glavu nyeusi anayezungumza lugha nisiyoijua, lakini mikono yake naielewa vizuri. Osha. Kausha. Paka dawa. Washa mashine. Gari linageuka kioo. Hapo pana ugumu gani?

Nimefanya mazoezi kwenye mlango wa friji. Umeng'aa! Unaweza kunyolea ndevu. Kwenye kona rangi imekwisha na bati limetokeza, ila nikiegemeza ufagio pale hakuna anayeona.

Povu akaja kuchungulia. Povu ni muosha magari wa ng'ambo ya barabara, mwenye mpira wa maji ya nguvu na maringo ya kutosha. Akauliza Mkurugenzi safari hii anauza nini. Huniita Mkurugenzi mbele za watu. Heshima ni heshima, hata ikitoka kwa mshindani. Nikamweleza kwamba yeye anatoa tope, mimi natoa mikwaruzo, kwa hiyo tusifananishwe. Akasema nijihadhari, kung'arisha ni kukwangua rangi, na rangi ikishakwanguliwa hairudi.

Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi

Mteja wa kwanza. Mwenye duka la dawa, gari jeupe. Nikaliosha kwa sabuni yangu iliyobaki, halafu nikaanza kung'arisha jua likiwa utosini ili mtaa mzima ushuhudie. Dawa ikakauka juu ya boneti kama uji uliosahauliwa. Nikasugua. Ikagoma. Nikaongeza dawa. Plastiki nyeusi ya bampa ikapata madoa meupe ambayo hata mate hayakuyatoa. Mwenye gari alilizunguka gari lake, kisha akaniuliza kwa upole kama kazi hii nimewahi kuifanya. Nikamwambia ndiyo, kwenye friji. Sijui kwa nini nilisema friji.

Akalivusha barabara hadi kwa Povu. Povu akashinda nalo akirekebisha huku anapiga mluzi. Mluzi ndio ulioniuma.

Katikati ya fedheha hiyo mke wangu akatokea. Amekuja kuchukua nguo zake, chache tu. Wiki iliyopita alichukua chache, leo chache. Dalili njema hiyo. Mtu asiye na nia ya kurudi angebeba zote kwa mkupuo mmoja.

Alitafuta pa kukaa. Nikamweleza habari za kochi. Hakufoka. Zamani angefoka, na mimi ningejitetea, na tungemalizia kwa kucheka. Leo alisimama tu dirishani. Akaniambia mama yake haendelei vizuri. Kila asubuhi anatoka uani, anakwenda kwenye gari la Mzee, anaweka mkono mlangoni na kusimama pale mpaka chai inapoa mezani. Akasema ameishiwa maneno, hajui amfanyie nini. Kisha akanitazama, kama mtu anayesubiri kitu.

Nikampa kadi yangu mpya ya biashara.

Alipokwisha kuondoka ndipo akili ikanijia. Gari la Mzee! Limepauka, limejaa mikwaruzo, na mjane wa watu kila asubuhi analiona hivyo. Ndiyo maana anasononeka! Gari likirudi kuwa jipya, Mama mkwe atapona. Mama mkwe akipona, mke wangu hatakuwa na sababu ya kubaki kule. Mambo ni mepesi hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu ananipenda. Mama mkwe amenipigia simu mwenyewe. Kesho wanakwenda kumwona shangazi wa mke wangu, watashinda huko, na anaomba nikawalindie nyumba. Amesema hana mwingine wa kumwachia ufunguo, mwanangu. Amesema mwanangu!

Sijamwambia chochote. Nimefua vitambaa vyote.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haya vidole vikiwa na ganzi.

Asubuhi nilimwamkia Mama mkwe kwa adabu zote, mashine nikiwa nimeshaificha nyuma ya pipa la maji. Walipotoka tu nikapitisha waya wa umeme dirishani. Gari la Mzee ni la buluu, la zamani, zito kama kabati. Safari hii nilijifunza: nilifanyia kazi kivulini. Nikapaka dawa, nikawasha mashine. Rangi ikaamka! Sponji likawa buluu kabisa kwa uchafu. Uchafu wa miaka yote hiyo! Nikalikamua, nikaendelea, likawa buluu tena. Dawa iliruka hadi kwenye shuka za Mama mkwe zilizokuwa kambani, lakini hizo zitafuliwa.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye vishikio vya milango. Nyuma ya kishikio pana kibonde kidogo ambamo vidole huingia, na mwalimu wangu wa kwenye simu huanika ufundi wake wote hapo. Upande wa dereva palikuwa na mikwaruzo ya kawaida. Upande wa abiria, ajabu! Mistari juu ya mistari, myembamba, yote imejipinda kuelekea upande mmoja, kama mtu kaichora miaka na miaka. Nikasema moyoni watu wakipewa lifti hawana adabu. Mashine haikuingia pale, kwa hiyo nikafunga kitambaa kidoleni, nikasugua kwa mkono. Nilisugua hadi bega likawaka moto. Haukubaki mkwaruzo hata mmoja. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya maishani mwangu, na hilo nalisema bila kujisifu.

Wakarudi jioni. Mama mkwe alisimama langoni, mkono mdomoni. Akasema Mungu wangu, limekuwa kama siku Baba yenu alipolileta nyumbani. Akatabasamu. Mke wangu akanitazama mimi, si gari, akatabasamu pia. Sikuwa nimeuona uso ule tangu mvua. Nilishaanza kuwaza pa kupata kochi lingine.

Kisha Mama mkwe akauendea mlango wa abiria, akaingiza vidole kwenye kile kibonde.

Vidole vikatafuta. Akavitoa, akavitazama, akavirudisha. Akazunguka hadi upande wa dereva, kama mtu anayedhani amekosea mlango, halafu akarudi. Akaniuliza kwa sauti ndogo ile mikwaruzo imekwenda wapi. Nikajipiga kifua. Nikamwambia nimeitoa yote, Mama, yote! Akanipigapiga mkono kidogo, akasema asante, mwanangu. Akaingia ndani. Mlango wa gari hakuufungua.

Mke wangu ndiye aliyenieleza. Mzee tangu waoane hakukubali Mama afungue mlango ule mwenyewe. Wakienda popote, alizunguka akamfungulia, na pete yake ikakwaruza pale. Hata mwaka wa mwisho alipokuwa anatembea kwa kushika ukuta, alizunguka. Pete amezikwa nayo. Ile mistari ndiyo iliyokuwa imebaki, na ndiyo Mama aliyokuwa anaishika kila asubuhi.

Akaniuliza kama nilipiga picha kabla sijaanza. Nikasema nimepiga baada ya kumaliza. Akaomba kuiona. Ni picha ya mlango unaong'aa, na ndani ya mng'ao nimo mimi, nacheka meno yote nje. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka. Sikula.

Nimepanda gari lile mara nyingi, kiti cha nyuma, tukienda hospitali, tukienda harusini, tukirudi sokoni. Ina maana sauti ya pete ile niliisikia kila mara. Nimejaribu kutwa kuikumbuka. Siikumbuki. Nilikuwa nazungumza.

Jumanne, 11 Machi

Povu amekuja kuazima ndoo. Ameliona sponji la buluu juani, akaniambia ule si uchafu, ni rangi yenyewe ya gari, na kwa jinsi linavyoonekana nimeitoa nyingi. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikajikuta namweleza kisa chote. Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo niliyompa, akatikisa kichwa, akasema pole, ndugu yangu. Hata Mkurugenzi hakusema. Nimemchukia zaidi kwa kutocheka.

Mchana nikampigia mke wangu. Anasema Mama haendi tena kwenye gari. Akiamka anakaa mezani, anakunywa chai yake ikiwa ya moto. Nikamuuliza je, hizo si habari njema?

Simu ikakatika, nadhani ni mtandao.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja na sanduku.

Amekunja nguo zote zilizobaki, polepole, moja moja. Mimi nilishika kifuniko cha sanduku ili kisimwangukie mikono. Alipomaliza akakaa juu yake, maana hakuna pengine pa kukaa. Akasema hajui kama ataweza kurudi. Akasema amemzika baba yake, na katika siku zote hizi sijawahi kukaa naye hata mara moja bila kuwa na mpango. Hataki biashara. Hataki kitu kinachong'aa. Nikalia, waziwazi, mbele yake. Nikamwambia Mzee ninamlilia pia, ila nikikaa kimya namwona amelala pale sebuleni kwao, kwa hiyo sikai kimya. Akanishika mkono. Hilo hakuwa analijua.

Kisha akaniambia niende kesho. Nikae na Mama, basi. Nisibebe chochote, nisirekebishe chochote. Nikae tu kwenye kiti kama watu wengine, Mama akitaka kuzungumza nimsikilize, asipotaka ninywe chai. Nikiweza hilo, yeye na mimi tutakaa tuzungumze, na huenda sanduku likarudi. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la Mzee. Akaniambia wanaamka saa moja, nisiwahi sana. Mlangoni aligeuka akanitazama, na nusura atabasamu.

Nina furaha ambayo sijaiona mwaka huu! Nitakaa. Nitanyamaza. Chai nitakunywa hata ikiwa haina sukari.

Ila nimetafakari. Mkwe mzima nitafikaje mikono mitupu, baada ya hasara niliyomtia Mama wa watu? Na wenyewe wanaamka saa moja. Nikifika saa kumi na mbili, geti lao nalijua, mlango wa abiria unaelekea uani. Kazi ya muda mfupi tu. Nimevua pete yangu ya ndoa nikajaribu kwenye sufuria: mistari inatoka safi kabisa, myembamba, imejipinda upande mmoja kama ile ile. Mama akitoka asubuhi na kuingiza vidole, ataikuta yote mahali pake! Na wakiniuliza ni nani aliyeirudisha, nitakuwa nimekaa kitini, kimya, kama nilivyoapa.

Na tena, mjini humu ni wajane wangapi waliopoteza mikwaruzo ya wapendwa wao? Huduma hiyo Povu hana.

Pete yangu ni nyembamba kuliko ya Mzee. Nitakandamiza.