Kasri la Papa Émile

Jumatatu, 5 Februari 2001

Vickery Meadow, Dallas. Baridi. Kikohozi cha jirani kinapita ukutani bila kubisha hodi.

Leo nimepata njia ya kumwoa Annonciata! Baba yake, Papa Émile, hospitali imemrudisha nyumbani afie kitandani kwake. Figo zimekwisha. Hataki kula, hataki kusali, anataka filamu. Ya Kifaransa, ya zamani, kuhusu kasri la mfalme. Mapadri waliwaonyesha juu ya shuka lililotundikwa ukutani, alipokuwa mwanafunzi Uvira. Vita vilipowafukuza wakaishia kambini, aliwasimulia wanawe kasri hilo chumba kwa chumba mpaka wakasinzia. Annonciata analijua lote. Hajaliona hata mara moja.

Lévi, kiongozi wa kwaya na mshindani wangu, alisema ataulizauliza. Mimi nikasimama mbele ya watu wote waliokuja kumwombea, nikaapa kuileta. Mzee akainua kichwa. Annonciata akanitazama. Lévi akatazama viatu vyake. Safi sana!

Jumatano, 7 Februari

Houston na kurudi, kwa gari la kuazima lisilo na hita. Mtaa wa Alief, dukani kwa Mama Bertila, Mkongo anayeuza sombe, yaani kisamvu, mawigi na kanda za video. Anayo! Imetoka Paris. Jaladani yupo mfalme mwenye nywele nyingi kuliko mawigi yote ya duka.

Bertila akanionya. Kanda za Ulaya, deki za Marekani hazizisomi. Niiache, yuko fundi wa kuinakili kwa mtindo wa huku, nije Jumamosi. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na Jumamosi Lévi atakuwa ameshapata yake. Isitoshe, kanda ni kanda. Mimi Ambilikile, mtu wa Tukuyu, nifundishwe kanda na muuza sombe? Nikaondoka.

Alhamisi, 8 Februari

Aibu. Aibu tupu.

Sebule ilijaa. Papa Émile aliletwa amebebwa pamoja na kiti chake, amevaa tai. Tai! Nikaingiza kanda. Mistari ya kijivu ikaanza kupanda na kushuka, na mfalme akawa analia kama kifaranga. Nikaipiga deki kofi. Kifaranga akaendelea.

Nikaamua kusimulia, kama wafanyavyo watafsiri wa mabanda ya video kwetu. Huyu ni mfalme, nikasema, na huyu jenerali wake anataka kumpindua. Kifaransa sijui, na picha haikuwepo. Nikatia bunduki. Nikatia helikopta kidogo. Papa Émile alinisikiliza kwa adabu mpaka kwenye helikopta. Kisha akauliza, kwa upole, chumba cha vioo kitafika saa ngapi. Watu wakainamisha vichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Lévi akasema anajua tatizo, na kesho hana kazi, yuko tayari kuipeleka kanda Houston. Nikamjibu nimeshapanga kila kitu. Kanda iko chini ya soksi zangu.

Ijumaa, 9 Februari

Lévi amekuja mlangoni kwangu. Ameiomba kanda tena, nusura apige magoti. Anasema mzee anakwisha. Mnafiki! Anataka aonekane yeye. Nimemwambia imeshafika Houston. Kesho naipeleka mwenyewe.

Jumapili, 11 Februari

Jana mwenye gari alilichukua gari lake. Leo, kabla ya ibada, Papa Émile amefariki.

Annonciata alinieleza bila kulia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Asubuhi baba yake alifumbua macho akauliza, "Ile nyumba ya mfalme ilifika?" Akamwambia ndiyo, Papa, ilifika. Akamshika mkono, akaanza kumpitisha, mlango kwa mlango, kama yeye alivyopitishwa kambini. Hawakufika kwenye vioo.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi ili jirani asisikie. Nilimpenda yule mzee. Kanda bado iko chini ya soksi. Hata jalada lake siwezi kulitazama.

Jumanne, 13 Februari

Picha zote za familia ziliungua Uvira. Iliyobaki ya Papa Émile ni ya kitambulisho, na hapo anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Annonciata anataka mazishi ya Jumamosi yapigwe video, angalau aupate uso wa baba yake kabla jeneza halijafungwa. Baada ya hapo hakuna nafasi nyingine.

Lévi akasema amempata mpiga video wa hapa hapa Dallas. Nikamwahi! Nilimwambia Annonciata, mbele ya wafiwa wote, kwamba mtu huyo aambiwe asije, kazi hii ni yangu, nimfanyie mzee jambo moja la mwisho. Machozi yalikuwa yananitoka, ya kweli kabisa. Akakubali. Mpiga video amepigiwa simu, ameshachukua harusi ya watu wengine.

Binamu yangu Loice anawasili Alhamisi kutoka London na kamera yake, mpya, pamoja na kanda zake za huko huko. Annonciata atanikumbuka maisha yake yote.

Lévi amenivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina hakika itasomeka kwenye deki za huku. Wivu huo! Kamera ni kamera.