Chupa Kumi na Mbili Chini ya Kitanda

Wenzangu wa jikoni, leo mwenzenu nimepatikana. Mchana kweupe, mbele ya wazee wa kanisa! Kabla uvumi haujafika huko Kericho, afadhali mnisikie mwenyewe.

Mnakumbuka mzungu wetu alivyokuwa akitengeneza bia yake kwenye chupa? Alipofungasha na kurudi kwao baada ya Uhuru, kile kimashine cha kubana vifuniko niliondoka nacho mimi. (Alinipa. Msianze.) Nikarudi nyumbani Magwagwa, nikaotesha wimbi, nikapika, nikachuja, nikajaza chupa. Kijiko kimoja cha sukari kila chupa, kama yeye. Baada ya wiki mbili nikafungua ya kwanza. Kimya! Gesi hakuna, povu hakuna. Zote zilikuwa hivyo hivyo, maji ya wimbi.

Nikajifanya fundi. Nikasema tatizo ni baridi ya huku kwetu, na uchache wa sukari. (La baridi nilipatia.) Mara ya pili nikatia vijiko vitatu, tena bila kungoja pombe imalize kuchacha mtungini. Nikazipanga chupa chini ya kitanda, upande ule ukuta unapopata joto la jiko.

Baba yangu ni mzee wa kanisa la Sabato, na harufu tu ya pombe humkosesha usingizi. Lakini kwetu Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakanyagi kizingiti! Nikajiona nina ghala salama kuliko benki.

Leo Jumapili amekuja na wazee wenzake wawili kunikabidhi shamba. Nimelingoja miaka minne, jamani! Tumekaa uani, mke wangu Kemunto kampakata mtoto, Baba kafumba macho anaomba. Alikuwa amefika pale pa "umjalie mwanangu awe na kiasi".

Pwaa!

"Nani anapiga bunduki?" akauliza mzee mmoja. Tayari yuko nyuma ya mgomba.

"Ni paa, Tata," nikamjibu, kwa jina tunalowaita baba zetu. "Mabati yanapanuka kwa jua." (Nyumba yangu ni ya nyasi.)

Pwaa! Pwaa! Pwaa! Kemunto akanitazama, akamkumbatia mtoto. Mtoto hulala kwenye kitanda kile kila mchana! Leo ametolewa nje kwa ajili ya maombi tu. Nikapaza sauti, "Asante Nyasae!" Wazee wakaitikia amina.

Kisha povu likapita chini ya mlango. Likashuka kizingiti taratibu, likafika kwenye viatu vya Baba. Akaliangalia. Akanusa.

"Mwanangu," akasema, "mimi siwezi kuingia kwako. Naona hii imeamua kutoka inisalimie."

Nikaungama yote, mpaka idadi ya vijiko. Nikangoja kusikia shamba limekwenda kwa mdogo wangu.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, Tata."

Akamtazama mjukuu wake.

"Basi shamba chukua. Lakini utapanda chai. Chai hailipuki."

Yule wa nyuma ya mgomba ndiye aliyeanza kucheka.

Nimefagia vipande vya chupa mpaka jioni huku nikiimba. Shamba ninalo, mtoto mzima, na mimi mzima. Tafadhali msinicheke. Aliyelewa leo ni godoro peke yake.