Mtumishi wa Siri wa Otonglo

Alhamisi, 14 Agosti

Nafasi ni moja! Mark, kiongozi wa vijana wa misheni kutoka Kanada, ametangaza leo kanisani kwetu Otonglo kwamba kabla hawajapanda ndege Jumapili watachagua kijana mmoja wa hapa akakae kwao miezi mitatu, nauli juu yao. Atakuwa yule anayetumika kwa siri, bila kutaka kuonekana.

Huyo ni mimi. Shida ni kwamba hakuna anayejua.

Mpinzani wangu ni Byron, mpiga gitaa wa kwaya. Byron analia akiomba, tena kwa jicho moja tu, lile la upande wa wageni. Mimi sina machozi, nina akili.

Mchana tumepaka rangi ukuta wa shule ya Jumapili. Kila misheni inayokuja hupaka ukuta huo huo, rangi imekuwa nene hadi dirisha halifungi. Wiki jana Mchungaji Oketch alinituma niukwaruze kwa msasa ili wageni wasikose kazi. Nikaukwaruza. Kwa siri! Lakini hiyo siwezi kuitaja.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango wa kwanza: kukutwa nikiosha choo. Niliingia alfajiri na ndoo, nikangoja Mark. Akachelewa. Nikaosha, nikaosha tena, nikakaa. Aliposikika anakuja nikajifungia, maana anayetumika kwa siri haachi mlango wazi. Akabisha. Nikanyamaza kwa unyenyekevu. Akaenda, akarudi, bado nimo. Akauliza kupitia mlangoni kama tumbo langu liko sawa.

Kufikia saa ya chai kanisa zima lilikuwa likiniombea tumbo. Byron ndiye aliyeongoza maombi. Jicho moja. Nimepewa vidonge na nimekatazwa samaki. Mimi, mtoto wa ziwa!

Jumamosi, 16 Agosti

Wageni walipoenda kutazama viboko, nilibaki nikamaliza ukuta wote peke yangu. Mgongo unaniuma hadi sasa. Waliporudi na brashi na kamera, hapakuwa na hata pa kuweka kidole. Badala ya kushangilia wakanywea. Mmoja alikuwa amewaahidi watu wa kwao picha akiwa juu ya ngazi.

Mchungaji akaniita kando. "Griffins, hiyo kazi ilikuwa ya wageni. Toa." Nikakwangua upande mzima, rangi ikiwa mbichi. Wakapaka. Wakapigwa picha. Byron yumo pichani, ameshika ngazi.

Kesho ni siku ya mwisho. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyokitaka kiti hicho cha ndege. Nimeshamwambia mama auze kitanda changu.

Jumapili, 17 Agosti

Wololo! Niandike polepole.

Baada ya ibada wageni walialikwa chakula cha kuwaaga kwa mchungaji. Nyumba ile huingii na viatu, kwa sababu ya zulia la mama mchungaji. Viatu vyote vikabaki mlangoni, vimejaa matope na rangi. Nikaviangalia. Bwana Yesu aliosha miguu. Mimi nitaosha viatu! Muda ulikuwepo. Mezani palikuwa na ngege wazimawazima, na mgeni akipambana na miiba ya samaki hainuki haraka.

Nikavitia guniani, mbio hadi ufuo wa Usoma, nyuma ya uwanja wa ndege. Nikavisugua hadi vikang'aa. Nikavipanga juu ya neti, pembeni, ile ambayo Mama Amolo huanikia omena, dagaa wa ziwani, vipate jua. Kisha nikajilaza kidogo kivulini. Choo na ukuta vilikuwa vimenimaliza.

Radi ndiyo iliyoniamsha. Ufuoni mvua ikija hakuna kuchagua: neti inakunjwa na vyote vilivyo juu yake, vinamiminwa guniani, kutenganisha ni baadaye. Nilimuuliza Mama Amolo viatu viko wapi. "Viatu gani? Mimi nikiona mawingu siulizi kitu ni ya nani. Naokoa omena!" Mnunuzi alikuwa ameshapakia magunia kwenye pikapu, ameshaelekea soko la Kondele.

Nilirudi nimelowa chapachapa. Wageni wamesimama mlangoni na soksi. Mchungaji, uso wa mazishi, akauliza ni nani amechukua viatu. Hapo hapo akili yangu ikafanya kazi, kama kawaida. Nikasema ni Byron! Nimemwona kwa macho yangu akivibeba kwenda kuviosha kisirisiri. Nilisema kuviosha ili nisimsingizie wizi. Mimi si mtu mbaya.

Mark akafunika uso, akalia. Macho yote mawili! Akasema amezunguka nchi nyingi, hajaona mtu akiosha viatu vya wageni bila kutaka kujulikana. Byron akajaribu kusema hajui lolote. Wakasema tazama, hata sasa anakataa sifa! Nafasi ikawa yake.

Nikapiga kelele kwamba ni mimi niliyeviosha. Mimi! Mchungaji akanishika bega. "Griffins, wacha wivu. Utasumbua tumbo." Wageni wakapanda ndege na akala, ndala za matairi, walizopewa na waumini. Viatu vyao, alisema Mark, vipatikanapo wapewe wahitaji.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimelia. Nasema wazi, nimelia hadi mama akaenda kukirudisha kitanda kutoka kwa jirani aliyekinunua. Byron amekuja kuniaga mapema, ingawa safari yake bado, akaahidi kuniombea akiwa Kanada. Nilimtazama usoni. Jicho moja.

Mchana nimeenda sokoni Kondele. Viatu vilikuwepo, vimechambuliwa kutoka kwenye omena. Nimechukua vya Mark, kwa kuwa mimi ni mhitaji. Ni vikubwa, nimejaza gazeti mbele. Paka wawili wamenifuata hadi stendi, na mmoja amepanda gari nami.

Jioni Mchungaji Oketch ameniletea msasa. Desemba wanakuja vijana wa misheni kutoka Ujerumani. Ujerumani! Kosa langu nimeshaliona: siri yangu haikuwa na mashahidi. Safari hii nitatumika kwa siri kamili. Nimeshamwambia Mama Amolo, nimewaambia wauza omena wote wa Kondele, na Jumapili nitaomba dakika mbili nitangaze kanisani.

Mama nimemwambia akiuze tena kitanda.