Stoo ya Bi Funguo

Jumatatu, 3 Machi
Daftari langu, salamu nyingi. Sisi hatujambo. Baba watoto hajambo, kasoro kiuno. Kitinda mimba hajambo, anakula. Binti yangu mkubwa hajambo, yuko na kompyuta yake. Bibi yao anakusalimu. Hajasema, lakini namjua.

Jambo lenyewe ni stoo ya chini ya ngazi. Jirani yangu, Bi Funguo, anaweka mitungi ya gesi humo. Kabati langu la vyombo linanyeshewa barazani. Sasa nimepata njia. Binti yangu anatengeneza programu ya kupima mlipuko ndani ya chumba kilichofungwa. Anachora chumba, nayo inaonyesha nguvu inavyogonga ukuta, ikarudi, ikagonga mwingine, ili wajenzi wajue ukuta uwe imara kiasi gani. Mwanzo nilidhani kompyuta italipuka kweli. Nilimwekea ndoo ya maji mlangoni.

Aipime stoo ile. Mwenye nyumba aogope. Mitungi itoke, kabati liingie.

Jumanne, 4 Machi
Binti kakataa. Eti programu si ya kuchongea watu. Nikanuna. Nikakohoa kidogo. Kakubali, kwa sharti apime na jiko letu. Apime tu, sisi watu safi. Nimeshamwita mwenye nyumba aje Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mlango wa stoo una matundu makubwa, nguvu inapita zake nje. Kilichowaka chekundu kwenye kioo cha kompyuta ni jiko langu, kuta zote nne. Dirisha nililigongelea mbao mwenyewe, sababu ya paka wa Bi Funguo. Nilimwambia binti labda kompyuta imechoka. Hakucheka. Alisema mama, unapika humo kila siku, akanishika mkono. Nikamkumbatia. Baba watoto akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Leo kala wa mwisho.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye nyumba kaja, nilisahau kumzuia. Kang'oa mbao. Kaamuru mitungi yangu ya akiba, ile ya jikoni, ikae stooni. Bi Funguo kaipokea kwa mikono miwili, kasema nikiitaka nibishe hodi, shoga. Shoga! Paka kashaingia.

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri. Kosa ni la yale matundu. Nimeshona gunia, saizi ya mlango wa stoo. Nikiyaziba, binti akapima upya, kioo kitawaka chekundu na kabati litaingia. Mitungi yangu nitaitoa kwanza, Bi Funguo akinipa ufunguo.

Unaonaje, daftari? Nijibu upesi, usinikalie kimya kama baba watoto.