Malalamiko Dhidi ya Somo la Mawe Mawili

Kwa Mwalimu wa Maandiko,
Darasa la Jumamosi la Wafanyabiashara.

Ndugu Mwalimu,

Mimi ni muuza maharage, meza ya tatu kutoka bombani. Jumamosi mbili mfululizo umetufundisha biashara ya haki kwa maandiko ya kale. Sina ugomvi na maandiko. Yamenizidi umri, na mkubwa huheshimiwa. Ugomvi wangu ni na matokeo, nami nayapanga kwa namba ili usipate taabu kunijibu.

1. Ulisoma kwamba mfanyabiashara asiwe na mawe mawili ya mizani, moja zito na moja jepesi. Nakiri nilikuwa nayo: zito la kununulia kwa wakulima, jepesi la kuuzia. Nikatii siku hiyohiyo. Lile zito nikalitupa, maana hata kulibeba lilinichosha. Sasa nanunua kwa jiwe jepesi na kuuza kwa jiwe jepesi. Ninachowapunja wateja leo, wakulima walishanipunja jana. Nimekuwa mwaminifu bila kukusudia, na faida iliyobaki ni ile ya halali tupu, nyembamba ajabu. Wakulima wananiita "baba yetu", jina ambalo mfanyabiashara akiitwa ajue ameshaliwa.

2. Masomo unayatoa mlango wazi, wateja wakiwa ndani. Daktari hafundishi upasuaji mbele ya mgonjwa. Juzi fundi cherehani, dada mpole ambaye miaka yote alipokea mfuko na kushukuru, aliliinua jiwe langu, akalipimapima kiganjani, akaniuliza mbele za watu: "Kaka, hili jiwe lako limekonda. Linaumwa?" Foleni nzima ikaliambia jiwe pole.

3. Ulisema pia mwenye shamba wa kale aliamriwa asivune mpaka pembeni, abakize kwa ajili ya maskini. Nikasema, hili nitaliweza. Kwa wanaonunua kwa kopo nikawa sijazi mpaka ukingoni, nabakiza. Mwenye shamba akibakiza anasifiwa, mimi nikibakiza naitwa mwizi. Huu ni ubaguzi dhidi yetu tusio na mashamba.

4. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Mke wangu tumesimama naye kwenye meza hiyo miaka kumi na tisa. Jumamosi iliyopita alitoka kwenye somo lako moja kwa moja mpaka mezani, akavua aproni, akaiweka juu ya mizani, akasema: "Baba watoto, nitarudi jiwe hili likinenepa." Sasa yuko meza ya jirani, kwa muuza vitunguu, anaita wateja kwa sauti ambayo, ukweli usemwe, ndiyo ilikuwa duka lenyewe. Mimi nikiita, watu wanakuja mbio kuuliza nani kaumia. Nyumbani ananipakulia kama kawaida, lakini ananiita "mteja".

Kwa hiyo naomba ubadilishe mada. Maandiko ni mapana. Tufundishe gharika, kwa mfano. Hapa sokoni hakuna anayeuza mashua. Au tueleze wazee wale waliishije miaka mia tisa bila dawa. Biashara ya haki ikibidi kufundishwa, wafundishwe watu wasio na biashara, ambao nimeona wanaipenda zaidi.

Nisalimie mama watoto wako, na mzee anayepanga viti, na wote wanaokaa karibu na dirisha.

Ni mimi mwanafunzi wako, kwa masikitiko na heshima,
Muuza maharage.

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga kwenye bahasha. Amecheka mpaka akakaa chini, halafu akasema atarudi mezani Jumatatu nikinunua jiwe la haki na kuonekana darasani safu ya mbele. Jiwe nimeshanunua. Tafadhali usifute somo, na gharika iache kwanza. Nikiingia, naomba unisalimie kwa sauti kubwa. Yeye hukaa nyuma.