Kiti Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 6 Mei

Jaketi limefika! Nimelishika kwa mikono yangu hii. Jeusi, kitambaa kizito, vifungo vinane vya rangi ya fedha, na jasho la mwimbaji bado bichi kwapani. Miaka kumi na tisa naishabikia bendi ya Radi Kavu, na leo jasho lao limeletwa kwenye duka letu la dobi ndani ya mfuko wa nailoni. Aliyelileta ni dereva wao. Alikuwa anatafuna jojo, hajui hata alichobeba.

Tamasha ni Jumamosi. Niandike wazi, maana shajara haidanganywi: nataka kitu kimoja tu. Kila tamasha, kwenye wimbo wa mwisho, mwimbaji humwita shabiki mmoja jukwaani waimbe pamoja "Tulia Ulipo". Nimehudhuria mara kumi na moja. Mara kumi na moja nimeinua mikono mpaka mabega yakafa ganzi. Mara ya mwisho walimwita mtu aliyesimama kwenda msalani.

Tiketi ninayo. Mstari wa mbele, kiti namba 17. Lakini kukaa na kungoja bahati ni kazi ya wavivu. Safari hii natumia akili.

Mwenye duka, mama mkali mwenye miwani, amebandika amri ukutani: MIFUKO KWANZA. Nguo haigusi maji kabla mifuko haijapekuliwa, na kinachopatikana hutiwa kwenye bahasha ya mteja bila kusomwa. Kwenye jaketi nimetoa ganda la peremende na kikaratasi. Kikaratasi kimeandikwa kwa mkono wa mwimbaji mwenyewe: "Usisahau 17."

Nimekitia kwenye bahasha bila kukisoma. Baada ya kukisoma mara nne.

Kumi na saba nini?

Jumanne, 7 Mei

Kumi na saba nini? Nimewaza hadi nikapiga pasi upande mmoja wa kanzu mara mbili na upande wa pili nikausahau.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaleta taulo zake. Huyu ndiye mwiba wangu. Anajiita shabiki namba moja kwa sababu aliwahi kupeana mkono na mpiga dramu, kisha hakunawa wiki nzima. Kwa mtu anayeshika vichwa vya watu, sidhani kama hilo ni la kujivunia. Tiketi yake iko mstari wa tatu, nyuma ya nguzo. Kaniomba tubadilishane viti, atanipa kunyolewa bure mwaka mzima.

Mimi nina upara!

Nilimwambia hata angenipa duka lake lote na vioo vyake sikubali. Akasema si kitu, wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akanitazama kichwani. Akaondoka akipiga mluzi.

Saa kumi jioni, katikati ya shati la mteja, nikapata jibu. Chumba! Bendi lazima imefikia hotelini, na hoteli yenye hadhi ni moja tu, ile iliyo nyuma ya posta. Chumba namba 17. Kesho nakwenda. Nitagonga, atafungua, tutazungumza kama wanaume wawili wanaopenda muziki. Jumamosi atamwita nani? Mimi.

Jumatano, 8 Mei

Nimeingia hotelini na hanga tupu la kutundikia nguo begani. Mtu mwenye hanga haulizwi maswali. Ghorofa ya pili, namba 17. Nikajiweka sawa, nikagonga.

Kafungua bibi mmoja mnene, uso umejaa hasira. Akaniambia amempigia simu dobi tangu asubuhi, je, nilikuwa nimelala? Kabla sijapata la kusema nimeshabebeshwa mashati manane ya mumewe, suruali ya matope na pazia ambalo sina hakika kama si la hoteli. Anayataka kesho saa moja asubuhi. Nikamuuliza kwa unyenyekevu kama anaifahamu Radi Kavu. Akasema kama ni sabuni, yeye hutumia ya maji.

Bendi haijafikia hapo kabisa. Nimerudi dukani nimeinama kwa mzigo. Mwenye duka kanisifu mbele ya wote kwa kutafuta wateja. Kinyozi alikuwa mlangoni, akapiga makofi.

Alhamisi, 9 Mei

Mashati manane yametoka saa moja kasoro dakika tano. Nina usingizi lakini pia nina mpango mpya, na huu hauna tundu.

Dereva alikuwa aje kulichukua jaketi kesho. Nimempigia simu nikamwambia kuna doa sugu kwenye ukosi, linahitaji kulowekwa polepole. Doa halipo. Nikaahidi kwamba Jumamosi nitalipeleka mwenyewe hadi mlango wa nyuma wa ukumbi. Nitaingia nalo. Nitamvisha mwimbaji kwa mikono yangu. Atanitazama machoni. Mtu aliyekuvisha jaketi humwiti jukwaani?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka basi.

Sasa kiti changu cha nini? Kukiacha tupu siwezi, kinyozi atakirukia. Kwa hiyo tiketi nimempa mke wangu. Nilimpa kwa heshima zote, kama zawadi, nimepiga goti moja. Yeye husema Radi Kavu hulia kama kabati la sufuria linaloporomoka ngazini. Miaka kumi na tisa anaosha vyombo akilalamika. Kauliza kwa nini nisikae kwenye kiti changu mwenyewe kama binadamu wengine. Nikamweleza kwamba hajui mambo ya mikakati.

Akaigeuza tiketi. Akauliza: kumi na saba, si ndiyo ile namba ya kwenye kikaratasi iliyokunyima usingizi?

Nikacheka. Nikamwambia, mama watoto, hiyo ni kumi na saba nyingine. Dunia hii ina kumi na saba nyingi.

Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Kisha akaendelea kukunja shuka huku akiimba kitu puani. Sikukisikiliza. Nilikuwa nafikiri.

Jumamosi, 11 Mei

Saa tisa alasiri. Jaketi liko kwenye hanga, limefunikwa nailoni. Linang'aa. Nimevaa shati jeupe na tai. Mke wangu anakwenda na sweta analofuma, asije akachoka kwa kukaa bure. Maskini. Natoka kwenda kukutana na maisha yangu.

Jumapili, 12 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Mlinzi wa mlango wa nyuma aliniambia niweke jaketi mezani niende zangu. Nikamwambia jaketi la aina hii likivaliwa bila mtaalamu hupinda bega. Akapiga miayo, akanipisha. Nyaya sakafuni, masanduku, harufu ya jasho na mafuta ya nywele. Nikafungua mlango wa mwisho. Radi Kavu wote, wanne, wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakunywa maji!

Mwimbaji ni mfupi kuliko nilivyodhani. Nikalifungua jaketi, akaingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto. Akanishukuru. Akanitazama machoni, kama nilivyopanga! Nikafungua mdomo nimweleze miaka yangu kumi na tisa.

Hapo ndipo nikaiona kola ya mpiga dramu.

Nilijitahidi kutoitazama, Mungu shahidi. Upande mmoja umesimama, mwingine umelala kama sikio la mbwa. Mgongoni mikunjo mitatu. Mtu anakwenda kusimama mbele ya watu elfu mbili akiwa hivyo! Mdomo wangu ukasema wenyewe: nani kapiga pasi shati hili?

Kisha meneja wao, mwanamke mwembamba mwenye kalamu sikioni, akauliza kama mimi ni dobi. Nikasema ndiyo, kwa fahari. Akafungua kabati. Mlikuwa na pasi, meza, na mashati kumi na mawili ya kubadilisha kati ya nyimbo.

Niseme nini? Nimesikia tamasha zima la Radi Kavu nikiwa nyuma ya pazia, kwenye mvuke. Kila nilipomaliza shati moja meneja aliingia na mawili. Nilipomwambia mimi ni shabiki akasema vizuri sana, basi usisahau na zile suruali. Lakini mistari ya pasi yangu, ungeiona! Ungeweza kukatia nyanya.

Ikafika zamu ya mwisho. Shati jeupe la mpiga dramu, la kutokea kuaga watu. Nikaliweka mezani. Huko nje kelele zikatulia. Mwimbaji akasema kwenye maikrofoni kwamba safari hii hawakutaka kuchagua kwa macho, kwa sababu kila mara wanaopiga kelele ndio huonekana. Walipiga kura ya viti wiki iliyopita, naye akaiandika namba asiisahau.

Mstari wa mbele. Kiti namba kumi na saba.

Nilisimama na pasi mkononi. Nikakumbuka nani amekaa pale na sweta lake.

Gitaa likaanza. Kisha sauti ikapanda, sauti ninayoijua vizuri, ndiyo hunikumbusha kutoa takataka kila Alhamisi. "Tulia ulipo, nitakufikia." Hakukosea hata neno. Alikwenda hadi ubeti wa pili, ule ambao mwimbaji mwenyewe huumung'unya. Kaujulia wapi? Upande wa pili wa ukuta wa jikoni, miaka kumi na tisa, mikono ndani ya povu, hapo ndipo kaujulia.

Nilisikia wivu, sitadanganya. Halafu nikategea sikio. Mke wangu anaimba vizuri. Vizuri sana! Sikujua. Miaka yote redio ilikuwa juu mno. Ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza, na mimi nikasimama pale nyuma ya pazia machozi yananitoka, namsikiliza yeye, simsikilizi mwimbaji hata kidogo.

Kisha nikanusa moshi.

Pasi ilikuwa imetua mgongoni mwa shati la mpiga dramu. Umbo lake lote, ncha na kisigino, rangi ya kahawia iliyokolea. Shati jingine halikuwepo. Meneja aliichomoa pasi kwenye umeme. Mpiga dramu akalivaa hivyo hivyo, akatoka kuaga.

Mke wangu nilimkuta nje, anameremeta. Kinyozi alikuwa amembebea mkoba! Alikuwa amemwomba asaini mkononi mwake, na anaapa hatanawa. Njiani mke wangu akaniuliza nilikuwa wapi wakati ule. Nikasema nilikuwa karibu. Akanishika mkono. Hadi nyumbani mimi niliimba puani, yeye akanirekebisha ubeti wa pili.

Jumatatu, 13 Mei

Saa mbili asubuhi kinyozi yuko dukani na mashati matatu, mkono umefungwa mfuko wa nailoni. Anataka alama ya pasi mgongoni, kama ya mpiga dramu. Anasema mtaani wote wanaitaka, ni nembo mpya ya Radi Kavu. Nimemuunguzia. Kwa utaalamu. Mwenye duka alipoingia na kukuta moshi alitafuta kiti.

Lakini habari kubwa ni nyingine. Bendi imempa mke wangu tiketi mbili za tamasha la mwezi ujao: mstari wa mbele, kiti 17 na kiti 18. Amezifunga pamoja kwa klipu. Anasema tutakaa bega kwa bega, tutaimba wote, na ombi lake ni moja tu, nikae. Nimekubali.

Kukaa! Mwenye makalio yeyote anaweza kukaa.

Jaketi limerudi leo kufuliwa. Na mimi nimeyachambua makosa ya Jumamosi hadi mzizi wake: kosa lilikuwa kola. Mwezi ujao nitaingia nimefumba macho. Na ili wanihitaji, nimekata kifungo kimoja cha fedha kwenye jaketi. Watakitafuta. Watahangaika. Dakika ya mwisho natokea mlango wa nyuma na kifungo, sindano na uzi. Watamwita nani jukwaani?

Kiti namba 18 kwa hiyo hakina kazi. Nimechomoa tiketi yake kwenye klipu, nimempa kinyozi. Kunyolewa bure mwaka mzima, na safari hii nimedai na ndevu. Mke wangu nitamweleza polepole.

Saa moja jioni. Kifungo nilikificha mfukoni mwa suruali ya kazi, mahali ambapo binadamu hawezi kukiona. Mke wangu ananiita kutoka bafuni. Yuko kwenye beseni la nguo. Amepekua mifuko kwanza. Anauliza hiki kifungo cha fedha si kile cha jaketi la mwimbaji?

Nimemwambia hicho ni kifungo kingine. Dunia hii ina vifungo vingi.